Maisha ya Dk. Denis Burkitt na Somo la Unga Usiochekechwa

Shukrani zote njema anazistahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad ﷺ, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, maradhi ya tumbo yamekuwa mengi majumbani mwetu. Mwenye choo kigumu yumo, mwenye bawasiri yumo na anaona haya kusema, aliyepasuliwa mawe ya nyongo yumo, na wengi wetu tumewahi kumzika mtu aliyemalizwa na ugonjwa wa ini. Leo nasimulia maisha ya daktari mmoja aliyefanya kazi Afrika ya Mashariki kwa karibu miaka ishirini, na aliyeyatazama maradhi haya kutoka upande ambao wenzake wengi hawakuutazama. Jina lake ni Denis Burkitt. Kila aliyesoma udaktari amelisikia. Nasi tunahitaji kulisikia, kwa sababu jambo kubwa alilowafundisha watu wa Ulaya alijifunza kwenye vyungu vya bibi zetu, na vyungu hivyo sisi sasa tunaviacha.

Nitangulize neno moja. Burkitt hakuwa Muislamu. Alikuwa Mkristo aliyeishika dini yake, na wapo watakaouliza kwa nini asimuliwe hapa. Jawabu iko katika sira. Wakati wa hijra, Mtume ﷺ na Abu Bakr (r.a.) walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia ya Madina, naye wakati ule alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Walimchukua kwa sababu aliijua njia na alikuwa muaminifu wa kazi yake. Elimu ya mwili wa mwanadamu nayo ni njia, na tunamfuata humo anayeijua.

Kuzaliwa na kusoma

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara wa jimbo, na wakati wa mapumziko alichunguza ndege wadogo wa bustanini kwake. Aliwanasa, akawavalisha pete miguuni, akawaachia, kisha akachora ramani ya eneo la kila ndege. Mtoto alikua akimuona baba yake akichora ramani za viumbe. Jambo hili lilikuja kumfaa baadaye.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto wa skuli. Miwani ikavunjika, na jicho moja likapotea. Aliishi na jicho moja maisha yake yote, na kwa jicho hilo alifanya upasuaji.

Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Haukupita muda akahamia udaktari, akahitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji Edinburgh. Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika ya Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alijiunga na jeshi kama daktari, na jeshi ndilo lililomleta upande wetu huu: alihudumu Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimuoa Olive Rogers. Vita vilipomalizika, mwaka 1946, alipata kazi Uganda.

Lango na mabusha

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Wagonjwa walikuwa wengi na daktari mpasuaji alikuwa yeye. Katika kazi hiyo alikutana na maradhi ambayo wazee wetu wa pwani wanayajua vizuri: mabusha.

Burkitt aligundua kwamba wanaume wenye mabusha walitoka zaidi upande wa mashariki wa wilaya. Upande wa magharibi hawakuwa wengi. Daktari mwengine angepasua na kumruhusu mgonjwa. Yeye aliuliza kila mmoja anatoka wapi, akahesabu, akaweka alama kwenye ramani. Leo tunajua kwamba mabusha na matende huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, kwa hiyo ugonjwa hukaa pale mazingira yanapowafaa hao mbu. Ramani ya Lango ilikuwa inaeleza ukweli huo. Burkitt alitoka Lira na swali ambalo hakuliacha tena: mgonjwa huyu anatoka wapi, na huko kwao kuna nini?

Mulago na watoto wenye uvimbe wa taya

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago, ambako Chuo cha Makerere kilikuwa kikisomesha madaktari wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na uvimbe kwenye taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama kile. Baada ya wiki chache, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamuona mtoto mwengine mwenye uso ule ule. Akatoka nje kwenda kumtazama.

Maradhi adimu yakionekana mara mbili kwa muda mfupi, yana habari. Alirudi kwenye majalada ya Mulago na kukuta watoto wengi wa namna ile, kila mmoja ameandikiwa jina lake la ugonjwa: huyu taya, yule figo, yule ini. Yeye aliona kuwa ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika makala yake ya kwanza juu ya saratani hii, na leo duniani kote inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Kisha akarejea kwenye ramani. Alituma karatasi zenye picha kwa mamia ya hospitali za Afrika akiuliza kama wamewaona watoto wa aina hii. Majibu yalipokuja, alama zilijipanga katika mkanda unaopita katikati ya bara. Ili kujua mkanda unaishia wapi, mwezi wa Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Walikatisha Tanganyika, wakafika mpaka Afrika ya Kusini, wakarudi. Ilikuwa safari ya wiki kumi, maili zipatazo 10,000, na hospitali zaidi ya hamsini. Kila walipofika walitoa picha na kuuliza.

Jawabu lilikuwa la hali ya hewa. Penye joto na mvua uvimbe ulikuwepo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ulikuwa nadra. Na sehemu za joto na mvua ndizo sehemu za malaria kali.

Hapa visiwa vyetu vikaingia katika hoja. Unguja na Pemba zina joto na mvua, kwa hiyo ugonjwa ulitarajiwa uwepo. Lakini ulikuwa nadra. Watafiti walilihusisha jambo hilo na kampeni kubwa ya kupambana na malaria iliyofanyika visiwani miaka ile ya mwisho wa 1950 na ya 1960. Basi waliopulizia dawa kwenye kuta za nyumba za wazee wetu walikuwa wakiwakinga watoto na maradhi mengine ambayo hawakuyajua.

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na katika wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London, na mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kirusi walichokikuta ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Huko Mulago, Burkitt aliwatibu watoto kwa dawa badala ya kisu, na wapo waliopona kwa dozi chache. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani mwaka 1972.

Swali la chakula

Mtu mwengine angetosheka. Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, umri umepita miaka hamsini na mitano, jina lake liko vitabuni. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Cleave alikuwa akidai kwamba maradhi mengi ya Wazungu yanatokana na sukari na unga mweupe uliokobolewa. Wengi walimpuuza. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu maneno yale yaligusa jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe.

Alikumbuka wodi za Mulago na hospitali za vijijini. Kwa miaka karibu ishirini alikuwa amepasua matumbo ya watu wa Uganda, na maradhi yaliyojaza wodi za upasuaji za Uingereza alikuwa hayaoni kwa wanavijiji, au anayaona kwa nadra sana: kidole tumbo, bawasiri, mawe ya nyongo, vijifuko vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana, na saratani ya utumbo huo. Kwa nini?

Alifanya kama alivyofanya kwa watoto wa taya. Aliandikia hospitali za vijijini, nyingi zikiwa za misheni, akizitaka zimpe hesabu kila mwezi: wangapi mmewapasua kidole tumbo, wangapi mmewaona na saratani ya utumbo, na watu wenu wanakula nini. Kwa kushirikiana na Alec Walker wa Afrika ya Kusini na Neil Painter wa Uingereza alikwenda mbali zaidi. Waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, kisha wakakusanya choo chao kwenye mifuko, wakakipima uzito na kukipiga eksirei kuona vidonge vimetoka baada ya saa ngapi.

Wapo waliocheka. Daktari mwenye sifa duniani anazunguka na mifuko ya kinyesi! Lakini sisi tuliosoma fikhi hatuna haki ya kucheka, maana mlango wa kwanza tunaosomeshwa madrasa ni tahara, na adabu za chooni zimo.

Matokeo yalichapishwa mwezi wa Disemba 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilipita tumboni kwa wastani wa saa kama 36, na choo cha siku moja kilizidi gramu 400. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, chakula kilikaa zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa kama gramu 100 tu. Tofauti kubwa aliiona kwenye chakula. Wanavijiji walikula nafaka zenye maganda yake, maharage, viazi, ndizi na majani. Waingereza walikula mkate mweupe, nyama na sukari.

Maelezo yake yalikuwa mepesi kufahamika. Maganda na makapi ya chakula, ambayo leo tunayaita nyuzinyuzi, hayasagiki tumboni kama wanga. Yanashika maji, yanakifanya choo kiwe kingi na laini. Choo laini hutoka bila ya kujikamua. Choo kigumu kinamlazimisha mtu ajikamue, mishipa ya sehemu ya haja inavimba, na hiyo ndiyo bawasiri. Utumbo nao unafanya kazi kwa nguvu kusukuma kitu kikavu. Burkitt aliona pia kwamba kuchuchumaa chooni, kama tulivyozoea, kunafungua njia kuliko kukaa kwenye kiti.

Mwaka 1975 yeye na Trowell, yule yule wa Mulago, walitoa kitabu cha kitaalamu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Mwaka 1979 aliandika kitabu cha watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi, kikasomwa nchi nyingi. Makapi ya ngano, yaliyokuwa chakula cha mifugo, yakaanza kuuzwa madukani Ulaya na Marekani kama chakula cha afya.

Alipopatia na alipovuka mpaka

Uadilifu unatutaka tueleze pande zote mbili. Si kila alichokisema Burkitt kimethibiti. Hesabu za hospitali za vijijini zilikuwa na upungufu: watu wengi walikufa majumbani bila ya kupimwa, na wachache walifikia uzee ambao saratani ya utumbo hupenda kuja nao. Tafiti za baadaye kuhusu vile vijifuko vya utumbo zimepingana. Vidonda vya tumbo, kwa mfano, vingi vinaletwa na bakteria aliyegunduliwa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, au na dawa za maumivu, na uji wa dona hauwatibu wenye vidonda hivyo.

Lakini msingi wake umesimama. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mkubwa wa tafiti, uliofanywa kwa maombi ya Shirika la Afya Duniani, ukaonesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi gramu 25 mpaka 29 kwa siku wana hatari ndogo zaidi ya maradhi ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana kuliko wanaokula kidogo.

Burkitt alifariki Gloucester, Uingereza, tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Unga wa wakati wa Mtume ﷺ

Nilipoisoma habari ya Burkitt nilikumbuka hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, mlango wa vyakula. Sahaba Sahl bin Saad (r.a.) aliulizwa kama Mtume ﷺ alikula mkate wa unga mweupe safi. Akaeleza kwamba Mtume hakuuona unga wa namna hiyo tangu alipotumilizwa mpaka alipofishwa, na kwamba hawakuwa na chekecheke. Shayiri ilisagwa, ikapulizwa makapi yaruke yaliyoruka, na yaliyobaki ikakandwa pamoja nayo, ikaliwa.

Tusiifanye hadithi hii kuwa fatwa ya kuharamisha mkate wa boflo. Unga mweupe ni halali. Wanavyuoni wameitaja katika kueleza wepesi wa maisha ya Mtume. Ila aliyeumba utumbo ndiye aliyeumba shayiri na ganda lake, na si ajabu kwamba viwili hivyo vinafahamiana.

Njombe na Makambako

Wafanyabiashara wetu wanaofuata mbatata na mahindi bara wanaijua Makambako. Ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana pale na ile inayoshuka Njombe na Songea, reli ya TAZARA inapita, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapo. Ukishuka mpaka Njombe unafika karibu mita 2,000 juu ya bahari, baridi inaingia mifupani, na mashamba ya mahindi, maharage, mbatata, ngano na parachichi yanakwenda mpaka macho yachoke. Ni katika zile nyanda za baridi ambako uvimbe wa Burkitt haukustawi, na vyakula vya shamba vya Wabena ndivyo vile alivyovisifu.

Lakini simama kwenye mashine ya kusaga uangalie. Mashine ni mbili, moja ya kukoboa na moja ya kusaga. Mahindi yanapita kwanza kwenye kukoboa, ganda na kiini vinatoka kuwa pumba, pumba inakwenda kwa kuku na ng'ombe, na binadamu anabeba sembe jeupe. Dona anayelitaka ni mtu wa shida, au mtu aliyeambiwa na daktari. Kwa hivyo mnyama amebakishiwa kilichokuwa bora.

Na Njombe inatufundisha somo jengine, gumu zaidi. Katika mkoa huu wenye chakula tele, uchunguzi wa kitaifa wa afya umeonesha kwamba takriban nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ghala limejaa na mtoto hakui. Ugali peke yake, hata ukiwa wa dona, haumtoshi mtoto: anahitaji maharage, yai, samaki, maziwa, matunda, maji safi, na mama mwenye nafasi ya kumlisha. Basi tusimsome Burkitt kana kwamba umasikini wa vijijini ni dawa. Alisifu ganda la nafaka, hakusifu njaa.

Sisi wa visiwani tuko upande wa pili wa barabara ile ile. Mbatata za Njombe zinavuka bahari, zinafika Darajani, na nyingi zinaishia kwenye karai la chipsi. Asubuhi ni mkate wa boflo na chai ya sukari nyingi, mchana wali mweupe, jioni chapati au maandazi. Muhogo, majimbi, viazi vitamu, kunde, choroko, mbaazi na mchicha vimekuwa vyakula vya Ramadhani au vya mgeni wa shamba. Madaktari wa hospitali kubwa za Tanzania wameandika kwamba saratani ya utumbo mpana inaongezeka. Ile ramani ya Burkitt, iliyotuonesha sisi tumesalimika, imeshachakaa.

Na ini je?

Mulago ya wakati wa Burkitt iliandama pia ugonjwa wa ini. Yeye na mwanapatholojia Michael Hutt walichora ramani za saratani mbalimbali, na saratani ya ini ilionekana kuzidi sehemu kuliko sehemu. Mwaka 1971 Hutt na wenzake walichapisha utafiti wa chakula kilichohifadhiwa majumbani Uganda. Penye sumukuvu nyingi ndipo penye saratani ya ini nyingi. Sumukuvu ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoingiwa nayo.

Kwa hivyo mama anayechagua mahindi na karanga, akatupa zilizoota ukungu na zilizobadilika rangi, anayalinda maini ya watoto wake. Asimpe hata kuku. Sababu nyengine kubwa ni homa ya ini ya aina B, inayopita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Chanjo yake imo katika chanjo za watoto wachanga. Ya tatu ni pombe, na Allah ametutosheleza kwa kuiharamisha.

Tufanye nini

Tuanze na chakula. Punguza kukoboa: changanya unga wa ngano nzima na ule mweupe, kula dona, rudisha kunde na muhogo mezani, matunda yaliwe kwa nyama yake badala ya juisi iliyochujwa. Ongeza kidogo kidogo na unywe maji ya kutosha, maana makapi bila maji yanafunga tumbo. Kwenye futari tende na kunde zitangulie vya kukaanga.

Kisha tuache kuona haya. Haya ni katika imani, lakini haya inayomzuia mtu kumwambia daktari kwamba anatoka damu chooni inaweza kumuua. Wanawake wa Kiansari waliuliza mambo ya tahara mbele ya Mtume ﷺ na wakasifiwa.

Dalili hizi hazitibiwi nyumbani: damu chooni hata kama unaamini ni bawasiri, choo cheusi kama lami, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, kutapika damu, macho kuwa manjano, tumbo kujaa maji. Maumivu yanayoanza kitovuni yakashukia kulia chini, pamoja na homa na kutapika, huenda ni kidole tumbo: mgonjwa asikandwe tumbo wala asipewe dawa ya kuharisha, apelekwe hospitali saa ile ile. Daktari atachagua kipimo: choo, damu, homa ya ini, ultrasaundi, au kamera ya kuangalia ndani ya utumbo. Aliye na manjano akinyweshwa mizizi wiki mbili kabla ya kupimwa amepoteza wiki mbili, na baadhi ya mizizi inaliumiza ini lile lile. Ruqya na dua havigongani na kipimo. Mtume ﷺ aliomba dua na akaamrisha tujitibu.

Burkitt alijulikana kwa kuuliza. Alimuuliza mgonjwa wa Lango anatoka wapi, akamuuliza mwanakijiji anakula nini, na hakujiona mkubwa kujifunza kwa watu ambao serikali ya nchi yake iliwatawala. Nasi tuwaulize wazee waliobaki katika majumba yetu walikuwa wanakula nini, kabla hawajaondoka na jawabu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awalinde watoto wetu, na atujaalie kula vilivyo halali na vizuri bila ya israfu. Amin.

Wallahu a'lam.